Tandiko na Mgongo: Wanyama wa Kupandwa na wa Mizigo Chini ya Kilimanjaro

Kitenzi kutandika kina kazi nyingi katika Kiswahili: hutandikwa kitanda, hutandikwa mkeka, hutandikwa punda au farasi kabla ya kupandwa au kupakiwa mzigo, na katika matumizi hayo yote wazo la msingi ni lile lile, kwamba kitu laini hutangulia kulazwa ili mwili usikutane na ugumu moja kwa moja. Tofauti ni kwamba kitanda kikitandikwa vibaya anayeumia ni mlalaji, ambaye anaweza kuamka akatandika upya, ilhali mnyama akitandikwa vibaya anayeumia ni yule aliye chini, ambaye hana namna ya kusema ila kwa mwendo wake. Historia ya usafiri katika Moshi na miteremko ya Kilimanjaro imesimuliwa mara nyingi kwa kufuata wapagazi, reli, barabara na kahawa, na wanyama waliobeba watu na mizigo wakitajwa hutajwa zaidi katika hesabu ya vifo, lawama yote ikiwekwa juu ya mbung'o na maradhi. Lawama hiyo ni ya haki kwa sehemu kubwa. Hata hivyo inafunika jambo linalostahili kuelezwa kwa kirefu, kwamba kati ya mzigo na uti wa mgongo wa mnyama pana nafasi ya vidole vichache tu, na kwamba namna nafasi hiyo ilivyotunzwa au kupuuzwa ilikuwa na sehemu yake katika kuamua nani angefika na nani angeanguka njiani.

Ili jambo hilo lieleweke inabidi kuanza na mwili wenyewe. Farasi kwa kawaida ana jozi 18 za mbavu, na tandiko linapaswa kukaa juu ya eneo la mbavu hizo bila kuvuka ubavu wa mwisho, kwa sababu nyuma ya hapo pingili za kiuno hazina mbavu za kuzisaidia kubeba. Uzito haupaswi kuangukia uti wa mgongo, ambao ncha za mifupa yake zimefunikwa na ngozi na nyama kidogo sana. Unapaswa kuenea juu ya misuli miwili mirefu inayopita kandokando ya uti huo. Ndiyo maana tandiko zuri huwa na mito miwili iliyoachana, na katikati yake mfereji ulio wazi kutoka mbele hadi nyuma, ambao hupitisha hewa kama vile mfongo, yaani mfereji wa Wachaga wa kumwagilia vihamba, mashamba yao ya nyumbani, upitishavyo maji: ukizibwa mahali pamoja, walio chini yake wote hupata hasara.

Sehemu ya mbele ndiyo yenye hatari zaidi. Hapo tandiko hukutana na kombe la bega, mfupa bapa ambao haukuunganishwa na uti wa mgongo kwa kiungo cha mfupa, umeshikiliwa na misuli tu, na ambao ncha yake ya juu hurudi nyuma kila mguu wa mbele unaponyooshwa kwenda mbele. Tandiko lililo jembamba kuliko mnyama, au lililosogezwa mbele mno, hulibana kombe hilo. Hatua hufupika, farasi hujikwaa, hukaza mgongo na kuinua kichwa, na baada ya majuma kadhaa misuli iliyo chini ya ncha za kiunzi, yaani mifupa ya mbao au chuma inayolipa tandiko umbo lake, hunywea na kuacha mashimo. Tandiko pana kupita kiasi hushuka mpaka likaketi juu ya mwinuko wa mabega. Nalo lile lisilofuata mkunjo wa mgongo hugusa mbele na nyuma tu, mfano wa daraja, hivyo uzito uliopaswa kuenea juu ya eneo pana hukusanyika katika sehemu nne ndogo. Mahali panapobanwa hivyo damu haipiti vya kutosha, na ngozi iliyokosa damu hufa, ingawa kidonda chenyewe huenda kisionekane mpaka siku ya pili au ya tatu, wakati ambapo mpandaji amekwisha kusahau safari iliyokisababisha.

Watu wa pwani waliyajua mambo hayo kwa uzoefu, na msamiati wao ni ushahidi. Sogi, ambayo wengine huiita shogi, ni mfuko mpana wa ukili ulio wazi katikati, unaotupwa juu ya mgongo wa punda ili mzigo ugawanyike sawa pande mbili na kuning'inia mbavuni badala ya kukandamiza uti; seruji, neno lenye asili ya Kiarabu, ni tandiko la kupandia, likiambatana na kikuku cha kuwekea mguu, hatamu ya kuongozea na lijamu ya mdomoni. Hata mwendo wa mnyama ulipewa majina yake: telki ni mwendo wa haraka na laini wa punda, usiomtikisa aliyempanda, matiti ni mwendo wa kudundadunda, shoti ni mbio kamili. Lugha inayotofautisha telki na matiti ni lugha ya watu walioketi juu ya migongo hiyo kwa saa nyingi, na waliojua kwamba punda aliyeacha telki bila sababu ya njia ana sababu chini ya tandiko. Unguja ilikuwa na punda weupe wa Maskati waliothaminiwa sana kwa kupandwa, pamoja na kihongwe, punda wa bara, mwenye nguvu na sifa ya ukaidi. Na Sayyida Salme, binti wa Seyyid Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, alieleza jinsi watoto wa sultani walivyofundishwa kupanda wanyama tangu wakiwa wadogo.

Ujuzi huo wa pwani haukusafiri kirahisi kwenda mlimani. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, alifika kwa miguu, na misafara ya wafanyabiashara na wapelelezi iliyofuata ilitegemea vichwa na mabega ya wapagazi, ambao kila mmoja alibeba karibu frasila mbili, frasila moja ikiwa takriban kilo 16. Punda walikuwamo katika baadhi ya misafara, ikiwemo ile ya Joseph Thomson mwaka 1883 na ya Count Teleki mwaka 1887, ambayo yote iliifanya Taveta kituo chake, lakini walikuwa wasaidizi wa wapagazi tu. Inafaa kukumbuka kwamba mpagazi naye alikuwa na tandiko lake: ngata, yaani majani au kitambaa kinachozungushwa na kuwekwa utosini, hufanya kazi ile ile ya mito ya tandiko, kwani huuondoa uzito kwenye ncha moja ya fuvu na kuusambaza katika duara. Wanawake wa Kichaga waliopanda kutoka tambarare na majani ya ng'ombe waliofungwa vihambani, au walioteremka sokoni na mikungu ya ndizi, walikuwa mabingwa wa sanaa hiyo.

Punda waliofika mara kwa mara chini ya mlima walikuwa wa Wamasai. Kazi ya kuwapakia ilikuwa ya wanawake, ambao walifunga mifuko ya ngozi pande mbili za mnyama pamoja na vyombo vya nyumbani wakati boma lilipohama, na kwa njia hiyo bidhaa za nyika, miongoni mwake magadi yanayotumiwa na Wachaga katika mapishi, zilikutana na ndizi na nafaka za mlimani kwenye masoko ya mpakani mwa nyika na vihamba. Ngozi laini iliyolala moja kwa moja mbavuni, bila kiunzi cha mti, ilikuwa na faida kubwa, maana hufuata umbo la mnyama yeyote. Upungufu wake ni kwamba haiachi mfereji juu ya uti, na mzigo ukielemea upande mmoja mfuko wote huvutwa juu ya mifupa. Punda ana mwinuko mdogo wa mabega na mgongo ulionyooka kuliko wa farasi, kwa hiyo hakuna kinachozuia mzigo wake kusogea. Kwenye tambarare udhaifu huo huvumilika. Kwenye njia za Moshi ya Kale au Marangu, zinazopanda mamia ya mita katika umbali mfupi na kukatizwa na mifongo na makorongo, mzigo huteleza nyuma wakati wa kupanda na kuja mbele juu ya mabega wakati wa kushuka, isipokuwa uwe umezuiwa kwa mkanda wa kifuani na mwingine wa chini ya mkia. Kushuka ndiko kunakoumiza zaidi, kwa kuwa mzigo unaoteleza mbele huyabana makombe ya mabega wakati ule ule ambapo miguu ya mbele inabeba uzito mkubwa kuliko kawaida.

Wajerumani walipojiimarisha katika eneo hili katika miaka ya 1890 walitamani farasi na nyumbu, neno nyumbu likiwa na maana yake ya zamani ya mnyama anayezaliwa na punda dume na farasi jike, wala si yule wa mbugani. Adui wao alikuwa mbung'o, anayeeneza nagana, ugonjwa ambao David Bruce aliuonyesha katika nchi ya Wazulu mwaka 1895 kuwa unatokana na vijidudu vinavyoishi katika damu, na pamoja nao ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huua haraka zaidi na huenezwa na visubi. Kwa kuwa pundamilia huishi na vijidudu vya nagana bila kuangamia, ilionekana kuwa jibu lilikuwa likichunga nyikani mbele ya macho ya wote. Mjerumani Fritz Bronsart von Schellendorff alianzisha ufugaji wa pundamilia chini ya Kilimanjaro, akijaribu kuwafundisha kazi na kuwazalisha pamoja na farasi, wakati ambapo huko Uskoti mwanasayansi James Cossar Ewart naye alikuwa akizalisha machotara wa aina hiyo, na mjini Nairobi daktari Mgoa, Rosendo Ribeiro, alikuja kujulikana kwa kuwatembelea wagonjwa wake akiwa amepanda pundamilia. Majaribio hayo hukumbukwa kwa ukali wa mnyama huyo, anayeuma na kupiga mateke, lakini ukali ni nusu ya habari. Pundamilia ana mwili wa mviringo kama pipa na mwinuko wa mabega ulio mdogo, na tandiko lililoundwa kwa farasi wa Ulaya hupinduka juu yake. Ili lisimame, mshipi wa tumbo hukazwa kupita kiasi, na mshipi uliokazwa hivyo hubana kifua na kumfanya mnyama yeyote, hata aliye mpole, apigane. Mnyama alihukumiwa kwa kosa ambalo kwa sehemu lilikuwa la fundi.

Reli ya Usambara, iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893, ilifika Moshi Mpya mwaka 1911, na kwa safari ndefu swali la wanyama likaonekana kuwa limekwisha. Vita vya Kwanza vya Dunia vililifungua upya kwa namna ambayo eneo hili halikuwa limewahi kuiona.

Mwezi wa Februari 1916 Jenerali Jan Smuts alichukua uongozi wa majeshi ya Uingereza katika Afrika Mashariki, na mpango wake wa kuiteka Moshi ulitegemea mwendo wa farasi. Usiku wa tarehe 7 Machi kikosi cha wapandafarasi wa Afrika Kusini chini ya Jacob van Deventer kiliondoka Mbuyuni na kuzunguka kaskazini kuelekea Ziwa Chala, ili kuwapita Wajerumani waliokuwa wamejichimbia Salaita. Baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata ya tarehe 11 na 12, Moshi ilikuwa mikononi mwa Waingereza katikati ya mwezi, na Kahe ikafuata tarehe 21. Katika juma la kwanza mbinu hiyo ilionekana kuwa ya ushindi mtupu. Wapandaji wengi walikuwa watu wa mashambani waliokua pamoja na farasi, na baadhi yao, van Deventer akiwa mmojawapo, walikuwa wamepigana upande wa Makaburu katika vita vya 1899 hadi 1902, vita ambavyo jeshi la Uingereza lilipoteza farasi zaidi ya 300,000.

Hasara hiyo ya Afrika Kusini ilikuwa imewafundisha wakuu wa jeshi jambo kuhusu matandiko. Daktari wa mifugo wa jeshi, Frederick Smith, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1891 kitabu kizima juu ya matandiko na vidonda vya mgongo, akisisitiza kwamba kidonda si bahati mbaya, kina chanzo kinachoweza kutafutwa na kuondolewa. Tandiko la jeshi la mfano wa 1912 lilijibu hoja iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kwamba mgongo haubaki na umbo moja: farasi anayeanza vita akiwa amenona huwa mwembamba baada ya majuma machache, na tandiko lililomfaa siku ya kwanza halimfai tena. Matao yake ya chuma, la mbele na la nyuma, yaliunganishwa na mbao za pembeni kwa bawaba, ili mbao hizo zijilaze zenyewe kulingana na mgongo uliopo, na chini yake palikunjwa blanketi ambalo liliweza kuongezwa tabaka kadiri nyama ya mnyama ilivyopungua. Kwa hesabu ya ufundi, hicho ni miongoni mwa vifaa vya kijeshi vilivyobuniwa kwa huruma ya kweli kwa mnyama, hata kama sababu iliyoandikwa ilikuwa kuokoa mali ya serikali.

Bawaba na blanketi havikutosha chini ya Kilimanjaro. Nagana haiui ghafla. Humnyonya mnyama damu na nyama kwa majuma, huku akiendelea kula na kutembea, na katika muda huo misuli mirefu ya mgongo, ile ile inayopaswa kubeba tandiko, huyeyuka mpaka uti ukasimama kama ukingo wa paa. Wakati huo huo maji hujikusanya chini ya tumbo, hivyo sehemu inayopitishwa mshipi huvimba ilhali sehemu inayokaliwa na tandiko inadidimia, na hakuna namna ya kukaza inayoweza kuziridhisha zote mbili. Juu ya mgongo wa aina hiyo palikuwa na mtu, bunduki, risasi, chakula na mavazi, jumla yake ikizidi kilo 100. Mwezi wa Aprili, masika yakiwa yameanza, van Deventer alielekea kusini kutoka Arusha kupitia Lolkisale hadi Kondoa Irangi, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 katika matope, na farasi walikufa kwa mamia njiani. Blanketi lililolowa hupoteza ulaini wake na kushikilia mchanga. Ngozi ya mnyama iliyokaa katika unyevu siku nzima hulainika na kuchubuka kwa msuguano ambao ingeustahimili ikiwa kavu. Taratibu zote nzuri za wapandafarasi, yaani kushuka na kutembea kando ya mnyama, kulegeza mshipi wakati wa mapumziko, kuondoa tandiko kila usiku na kupapasa mgongo kwa kiganja ili kuhisi joto au uvimbe, zilihitaji muda, nao muda ndio uliokosekana katika mpango wa kumfukuza adui bila kupumzika.

Hakuna haja ya kudai kwamba matandiko mazuri zaidi yangewaokoa farasi wale, kwa maana vijidudu na virusi vingewaua hata wakiachwa bila kitu mgongoni. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba ugonjwa na tandiko vilifanya kazi pamoja, kila kimoja kikifungulia kingine njia, na kwamba mnyama mgonjwa alilazimika kumalizia siku zake akiwa na maumivu ambayo hayakuwa sehemu ya ugonjwa wake. Wanyama walipokwisha, mizigo haikupungua. Ilihamia vichwani mwa wapagazi wa Kiafrika, ambao walikufa kwa makumi ya maelfu kabla ya vita kumalizika mwaka 1918, na ambao kikosi chao cha uchukuzi kiliacha jina lake la Kiingereza, likitamkwa Kiswahili, katika mtaa na soko la Kariakoo jijini Dar es Salaam. Ngata ilichukua nafasi ya seruji, na mgongo wa binadamu nafasi ya mgongo wa farasi.

Baada ya vita farasi walibaki wachache, mikononi mwa walowezi wa mashamba makubwa. Uchumi wa Wachaga ulijengwa juu ya kahawa, ulipangwa na chama cha wakulima cha KNPA kilichoanzishwa mwaka 1925 na kisha na chama cha ushirika cha KNCU kuanzia 1933, na magunia yaliteremshwa kwa vichwa, kwa punda pale njia ziliporuhusu, na baadaye kwa magari. Punda aliendelea kuwa mnyama wa ukingo wa mlima, akibeba maji, mahindi na kuni katika upande wa tambarare, na matandiko yake yakawa ya kubahatisha: gunia lililokunjwa, kipande cha blanketi kuukuu, kamba ya plastiki iliyopita chini ya tumbo. Gunia si tandiko baya lenyewe. Likikunjwa na kushonwa kuwa mito miwili iliyojazwa majani makavu, ikaachana kwa upana wa kiganja juu ya uti, hufanya kazi ambayo fundi wa ngozi angeitambua mara moja. Likitupwa bapa juu ya mgongo, hugeuka kuwa msasa. Kamba nyembamba ya plastiki nayo hukata ngozi pale ambapo mkanda mpana wa kitambaa ungepita bila alama.

Kuna methali isemayo kwamba punda haendi bila kigongo, nayo imetumika kwa muda mrefu kueleza ukaidi wa mnyama huyo. Ukiiangalia pamoja na yale yaliyoelezwa kuhusu kombe la bega na uti wa mgongo, methali hiyo inahitaji kusomwa upya, kwa kuwa punda anayesimama katikati ya mteremko, anayezungusha masikio na kuuma wakati mshipi unapofungwa, mara nyingi anaeleza mahali panapouma kwa lugha pekee aliyonayo, na kigongo kinachofuata humwongezea maumivu ya pili juu ya yale ya kwanza. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imeufanya ukatili dhidi ya wanyama kuwa kosa nchini Tanzania, lakini hakimu wa kwanza wa jambo hili ni mkono wa anayetandika, alfajiri, kabla ya mzigo kupakiwa.

Farasi wamerudi Kilimanjaro kwa njia ya utalii, katika mashamba ya upande wa Machame na Kilimanjaro Magharibi ambako wageni hupanda kuingia nyikani, wakilindwa kwa chanjo, dawa na uangalizi ambao wapandaji wa 1916 hawakuwa nao. Farasi mmoja hupandwa na watu wa uzito na maarifa tofauti kila juma, hunenepa wakati wa majani na kukonda wakati wa kiangazi, na tandiko lake hupimwa upya kwa vidole vinavyopitishwa chini ya mito na kwa kutazama jasho baada ya safari: mahali palipobaki pakavu katikati ya ngozi iliyolowa ndipo palipobanwa mno, maana tezi za jasho zilizokandamizwa hushindwa kufanya kazi. Mahali pale pale, kubanwa kukiendelea, mizizi ya nywele hupoteza rangi, na hata baada ya kupona nywele huota nyeupe kwa maisha yote ya mnyama. Madoa hayo meupe, mawili kandokando ya mabega au moja juu ya uti, yanaonekana pia kwenye punda wanaosimama chini ya miti siku za soko kando ya barabara za tambarare ya Moshi, na kwa anayejua kuyasoma yanaonyesha kamba ilipita wapi, gunia lilikunjwaje, na mzigo ulielemea upande gani.